Dola ya Januari si Dola ya Desemba

Kila mwaka unapofika mwezi wa Juni, katika baraza zetu za Mombasa, Malindi na Lamu huzuka mabishano ambayo zamani hayakuwako. Zamani, wasomaji wangu, ubishi wa baraza ulikuwa juu ya mwezi kuandama, au juu ya mpira, au juu ya vina vya shairi la fulani. Siku hizi utawasikia vijana, na watu wazima pia, wakibishana juu ya dola. Mtu aliyechuma dola naye amekaa hapa hapa kwao, anapojaza fomu yake ya ushuru azigeuze shilingi kwa bei gani? Kwa bei ya siku alipozipokea? Kwa bei ya mwisho wa mwaka? Ama kwa bei ya siku anapokaa kitako kuijaza hiyo fomu?

Mimi nasema suala hili si dogo, wala si la wahasibu peke yao. Ni suala la uaminifu wa hesabu, na tena ni suala la lugha, na kwa hivyo mahali pake ni katika ukurasa huu.

Kwanza tuwatambue wanaohusika, kwani si wachache. Yuko mfasiri anayefanya kazi za makampuni ya ng'ambo kwa intaneti. Yuko mwalimu anayewasomesha Wazungu Kiswahili kupitia kompyuta, hali yeye yuko Kibokoni na wanafunzi wako Berlin. Yuko mwenye nyumba ya wageni Watamu au Lamu anayelipwa kwa yuro. Wako vijana wanaoandika programu na wanaochora. Na sisi watunzi pia tumo: mara moja moja mtu hualikwa kutoa muhadhara, au shairi lake huchapishwa nje, akaletewa dola mia mbili au pauni mia. Mimi mwenyewe hupata vijisenti vya namna hiyo, na ndiyo maana jambo hili nalijua kwa kulitenda.

Sheria yenyewe haina fumbo kubwa. Mtu akiwa ni mkazi wa Kenya, na kazi yake au biashara yake aifanya akiwa hapa, pato lake ni la kutozwa kodi hapa, hata kama mlipaji yuko Chicago au Dubai. Hesabu ya mwaka ni kuanzia Januari hadi Desemba, na fomu hutakiwa iwe imefika kabla ya kwisha tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Na Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yataka hesabu na fomu viandikwe kwa shilingi za Kenya. Basi dola lazima igeuzwe. Swali ni moja tu: igeuzwe kwa bei ya siku gani?

Asiyeona uzito wa swali hili na autazame mwaka 2023. Mwaka ule ulipoanza, dola moja ilikuwa ni shilingi 123 na senti zake. Ulipokwisha, dola ile ile ilikuwa imefika kiasi cha shilingi 156. Tuchukue mtu aliyepokea dola 1,000 kila mwezi, yaani dola 12,000 kwa mwaka. Akizihesabu zote kwa bei ya mwisho wa mwaka, ataandika kwamba amepata shilingi 1,872,000. Lakini akizihesabu moja moja, kila mwezi kwa bei yake, atapata karibu shilingi 1,680,000. Tofauti ni shilingi 192,000. Na kwa viwango vya sheria ya 2023, pato la mwaka likishapita shilingi 388,000, kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30 mpaka lifike 6,000,000. Basi tofauti hiyo pekee yamtoa mtu shilingi 57,600 za kodi. Hiyo ni karo ya mtoto. Na alizitoa kwa pato ambalo hakulipata kamwe, kwa sababu dola yake ya Januari aliila kwa shilingi 123, hakuila kwa 156.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2024 mambo yalipinduka. Mwisho wa Januari dola ilikuwa kiasi cha shilingi 160. Ilipofika mwisho wa Machi ilikwisha kushuka hadi kiasi cha 131, na mwaka ukaisha ikiwa kiasi cha 129. Mtu yule yule mwenye dola 12,000, akishika bei ya mwisho wa mwaka, ataandika shilingi 1,548,000, na hali alizozipokea kwa kweli ni karibu 1,620,000. Hapo amepunguza pato lake kwa shilingi 72,000, na kodi kwa shilingi 21,600.

Yatazameni mambo haya mawili kwa pamoja. Kanuni moja, ile ya mwisho wa mwaka, mwaka mmoja yakudhulumu na mwaka wa pili yakufanya wewe uwe mdhulumu. Na mjanja atasema: basi nitashika hii mwaka huu na ile mwaka ujao, kwa kadiri itakavyonifaa. Huyo ndiye ninayemwandikia makala haya. Kwani mwenye kosa la hesabu husahihishwa, lakini mwenye mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, huyo hana kosa la hesabu. Huyo ana ugonjwa mwingine.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mfasiri hodari, alinijia na hoja iliyonifikirisha. Akasema, "Ami, mbona zaka twaihesabu siku mwaka unapotimia, kwa thamani ya siku ile? Na kodi kwa nini isiwe vivyo hivyo?"

Nilimwambia, "Umeuliza swali la mtu aliyesoma, mwanangu, lakini umefananisha vitu viwili visivyofanana."

Naam, zaka ya fedha hutazama mali iliyomo mkononi mwako siku haul inapotimia. Ulichokula katikati ya mwaka hakimo, kilichobaki ndicho kinachopimwa, na ndiyo maana thamani yake ni thamani ya siku ile. Kodi ya mapato haitazami kilichobaki. Yatazama kilichoingia. Dola iliyoingia Februari na kuliwa Februari, kwa zaka haipo tena. Kwa kodi ipo, na imeandikwa Februari. Basi kila kimoja kina siku yake: zaka siku yake ni ya kutimia mwaka, na pato siku yake ni ya kuingia. Nadhani wengi wetu wa Pwani twakosea hapa si kwa hila, bali kwa sababu tumezoea toka utotoni kuhesabu mali mara moja kwa mwaka, nasi twadhani kila hesabu ni ya namna hiyo.

Na hapa ndipo lugha yenyewe inapotusaidia. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa elimu mbili za Kiarabu, nahau na sarfu. Sarfu ni elimu ya kuligeuza neno: *nasara, yansuru, nasran*. Shina ni lile lile, lakini umbo lageuka kwa wakati wake. Lililopita lina umbo lake na lililopo lina umbo lake. Ukilitia lililopita umbo la lililopo, maalimu hakuachi. Na neno letu sarafu latoka katika shina hilo hilo la Kiarabu, kwani *sarf* ni kugeuza neno na ni kugeuza fedha pia, na *sarrafu* ni mwenye kazi ya kuvunja fedha. Waliotangulia waliona kwamba kazi hizi mbili ni ndugu. Mimi nasema ni ndugu kweli: dola iliyopokelewa Januari ina umbo lake la Januari, nawe huna haki ya kuivisha umbo la Desemba.

Katika fiqhi nayo mlango wa *sarf* ni mlango mashuhuri. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akiuza ngamia kwa dinari akalipwa dirhamu, na kinyume chake, akaenda kumuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamruhusu maadamu ni kwa bei ya siku ile na wasiachane wawili hao na huku pana kitu kimebaki baina yao. Sisemi kwamba fiqhi ya biashara ndiyo sheria ya kodi ya Kenya. Kila moja ina watu wake na mahali pake. Nasema tu kwamba fikra ya "bei ya siku yake" si fikra ngeni iliyoletwa na Wazungu kwa kompyuta. Sisi tulikuwa nayo.

Na tulihitaji kuwa nayo, kwani Pwani hii haikuwa na fedha moja kamwe. Palikuwa na riali ya Maria Theresa, iliyokuwa ikipigwa na mwaka 1780 juu yake hata kama imepigwa miaka mia baadaye. Palikuwa na rupia ya Bara Hindi. Palikuwa na pesa za shaba alizotoa Sayyid Barghash wa Unguja mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, nazo zilichorwa mizani. Mfanyabiashara wa bandarini aliyetaka kujua faida yake hakuwa na budi kuandika fedha gani, kiasi gani, na siku gani, kwani bei ya riali kwa pesa haikusimama mahali pamoja.

Aliyepuuza siku aliumia. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, rupia 15 zilikuwa ni pauni moja. Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda, na mwaka 1920 serikali ya Kiingereza ikaiweka rupia kwa shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni, kisha zikaja florini na baadaye shilingi ya Afrika Mashariki. Mtu aliyekopa rupia 1,500 katika siku ambazo hizo zilikuwa ni pauni 100, akalala akaamka anadaiwa pauni 150. Hakuongeza hata ngano moja dukani mwake. Ni bei tu iliyogeuka, naye yu kati. Habari hii yatufunza kwamba kiasi bila ya siku si hesabu kamili.

Basi shauri langu ni hili, nalo ni jepesi. Kila anayelipwa kwa fedha za kigeni na awe na daftari. Aweke safu tano: tarehe ya kupokea, nani amelipa na kwa kazi gani, kiasi cha fedha ya kigeni, bei ya siku ile kwa shilingi, na jumla yake kwa shilingi. Benki Kuu ya Kenya hutangaza bei ya wastani ya fedha kubwa za dunia kila siku ya kazi, na mtu yeyote mwenye simu aweza kuisoma bila ya kulipa kitu. Iandike siku hiyo hiyo fedha inapoingia. Ikiwa ni Jumapili, chukua bei iliyotangazwa ya mwisho kabla yake, na ushike desturi hiyo hiyo mwaka mzima. Mwezi wa Juni hutakuwa na la kubishana. Utajumlisha safu ya mwisho, basi.

Na daftari hilo liandike kwa Kiswahili, ukipenda. Sheria ile ile ya 2015 yasema kumbukumbu za kodi ziwekwe kwa mojawapo ya lugha rasmi, na Katiba ya 2010 imezitaja lugha rasmi za nchi hii kuwa ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Najua wazee wenye nyumba za kupangisha wanaoogopa kuandika hesabu kwa kuwa Kiingereza chao si kizuri, nao hali hesabu yao kichwani ni safi kuliko ya karani. Waandike kwa lugha yao. Kisha walihifadhi daftari, kwani sheria yataka kumbukumbu zikae miaka mitano.

Yako mambo mawili ambayo huwatatiza watu, nayo nitayaeleza. La kwanza ni benki. Benki Kuu ikisema dola ni shilingi 129, benki yako aghalabu itakupa 126 au chini ya hapo, na kisha ikate na ada yake. Watu huandika kile kilichobaki mkononi, wakasema hilo ndilo pato. Mimi naona si hivyo. Pato ni moja na gharama ya kulipokea ni nyingine. Ziandike mbali mbali, kila moja katika safu yake, ili mwenye kuikagua hesabu aone ulichochuma na aone ulichokatwa. Ukizichanganya, hata haki yako ya kudai gharama ya biashara utashindwa kuionyesha.

La pili ni mwenye akaunti ya dola. Tangu sheria ya kuzuia fedha za kigeni kufutwa mwaka 1995, Mkenya aweza kuweka dola zake benki bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Basi yuko aliyepokea dola 500 mwisho wa Januari 2024, akaziweka akitumai bei itapanda zaidi, akazivunja Juni kwa shilingi 129. Pato lake la kazi ni shilingi 80,000, kwa bei ya 160 ya siku ile. Hasara aliyoipata kwa kungoja si hasara ya kazi yake; ni hasara ya kungoja. Sheria ya Kodi ya Mapato ina kifungu chake mbali juu ya faida na hasara za kugeuza fedha katika biashara, na mwenye kiasi kikubwa amwendee mhasibu. Lakini asiende akaibadilisha Januari.

Kuna watakaosema wastani wa mwaka ni rahisi zaidi. Sikatai kwa mtu anayelipwa kiasi kile kile kila mwezi. Wastani hautamtupa mbali na kweli. Lakini mtunzi aliyelipwa mara moja tu, dola 2,000 mwisho wa Januari 2024, alipata shilingi 320,000. Akitumia wastani wa mwaka ule, uliokuwa karibu 135, ataandika 270,000. Shilingi 50,000 zimepotea katika hesabu na zimo mfukoni. Marekani, mamlaka yao ya kodi huwaambia watu watumie bei ya wakati fedha ilipopokelewa, na pia huchapisha wastani wa kila mwaka. Uingereza nako mamlaka yao hutoa orodha za bei za kila mwezi na wastani wa mwaka. Na hili lawagusa ndugu zetu walioko huko: Mswahili aishiye Marekani, mwenye nyumba Mombasa anayoipangisha, naye yampasa azigeuze shilingi zetu kuwa dola katika fomu yake ya huko. Mto ni ule ule, watiririka upande wa pili.

Walioko nchi za Ghuba hawakuzoea mambo haya, kwa kuwa mishahara huko haikuwa na kodi ya mapato. Lakini hata huko upepo wageuka: Oman ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Januari 2028 itatoza asilimia 5 kwa pato linalozidi riali 42,000 kwa mwaka. Ni watu wachache watakaofikia kiwango hicho, ila mlango umefunguliwa. Na hapa niwatoe hofu akina mama wanaotumiwa riyali na watoto wao: fedha ya matumizi anayokuletea mwanao si pato lako la kutozwa kodi. Usiogope kuipokea kwa jina lako.

Mwisho nageukia upande wa pili, kwani haitakuwa haki kumsema mlipaji peke yake. Watu husema, na nimewasikia kwa masikio yangu, "Kwa nini niandike kila senti, na barabara ya mtaani kwangu ni mashimo?" Malalamiko hayo ni ya haki, na mahali pake ni kwa mbunge, kwa gavana na katika sanduku la kura. Daftari la uongo halizibi shimo. Tena anayeficha hesabu yake hujinyima sauti ya kudai hesabu ya wengine.

Lakini Mamlaka ya Ushuru nayo ina deni. Fomu yake ya kwenye mtandao ni ya Kiingereza, na lugha yake ni ya watu wa ofisini. Ikiwa inataka mwenye nyumba ya Lamu na mfasiri wa Kibokoni wahesabu sawasawa, basi kila mwezi wa Januari ichapishe karatasi moja ya Kiswahili cha wazi, yenye bei za kila mwezi za mwaka uliokwisha, kwa dola, pauni, yuro na riyali, na mfano mmoja wa hesabu kamili kutoka juu hadi chini. Ikabandikwe Huduma Centre, ikasomwe redioni. Karatasi hiyo itakomesha ubishi mwingi kuliko faini, kwani faini ya kuchelewesha fomu, ambayo kwa mtu binafsi si chini ya shilingi 2,000, humwadhibu aliyechelewa, haimfunzi asiyejua.

Mpaka hapo, wasomaji wangu, tusingoje. Fedha ikiingia leo, iandike leo, kwa bei ya leo, mwaka ikikupendelea na mwaka ikikuumiza.